Salama ya Tangi la Tisa

Kwenye kiwanda cha damu pale Makambako, neno "ila" lilikuwa likila alama tano. "Lakini" nalo lilikula tano. Kuguna kulikula mbili, kushusha pumzi kwa nguvu mbili, na kulia, hata kwa kujibana, kumi. Kucheka sana kulikula tatu, maana Msikivu hakuwa na njia ya kutenganisha cheko la furaha na cheko la mtu aliyekata tamaa.

Tupokigwe alizijua alama hizo kama alivyojua idadi ya vikombe kabatini mwake. Alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, huu mwaka wa sita, mama wa miaka hamsini na mbili, na chini yake watu watano. Kila siku saa moja kasorobo alisimama mlangoni pa Ukumbi wa Matangi akawakagua mmoja mmoja: glovu, gambuti, ovaroli ya kijani, sweta ndani kwa sababu ya upepo wa mji ule, na pale kwenye ukosi kidude cheupe kama kifungo cha koti. Kidude hicho ndicho Msikivu. Alimsikiliza mtu tangu anaingia hadi anatoka, akaipima sauti yake kama muuguzi anavyopima mapigo, na jioni ubao wa getini ukaonyesha kila zamu imekuwa na utulivu kiasi gani. Zamu ya mwisho kwa mwezi ilipelekwa kuosha. Kuosha ni kuingia kwa magoti ndani ya tangi tupu, na brashi, na dawa inayokausha mikono mpaka ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Zamu ya Tupokigwe ilikuwa haijawahi kuosha. Miezi mitano mfululizo ilikuwa ya kwanza ubaoni, na zilibaki siku mbili kutimiza sita. Zamu ikitimiza sita ilisamehewa kuosha mwaka mzima. Kwa hiyo Alhamisi ile watu waliingia kazini kama waliobeba mayai.

Mzee Ambakisye aliingia wa mwisho. Alikuwa mtu wa pampu, mrefu, mwenye vidole kama mihogo, na alikuwa na tabia yake ambayo hakuna kitabu cha kiwanda kilichoiandika. Kabla ya kusoma vipimajoto alivua glovu ya kulia akaweka kiganja kwenye bomba la kila tangi, kuanzia la kwanza hadi la kumi na mbili, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto paji la uso. Asubuhi hiyo Tupokigwe alikuwa akimtazama kwa pembeni. Kwenye tangi la nane kiganja kilikaa kidogo kikaondoka. Kwenye la tisa kikakaa. Kikakaa tena. Kisha mzee akautia mkono mfukoni, akasogea kwenye la kumi bila kuangalia nyuma.

"Habari za matangi, Mzee Amba?"

"Salama."

Sauti ilikuwa imelala kama maji mtungini. Tupokigwe aliitambua, maana yeye ndiye aliyewafundisha. Alingoja kidogo. Halafu akakumbuka ubao, akaandika "salama" kwenye daftari lake, akaendelea na kazi.

*

Sasa, kule kwetu mtu akiulizwa habari hujibu njema kwanza, hata kama nyuma yake kuna jeneza. Salama, ila baba ametutoka. Nzuri, ila nyumba imeungua usiku. Ile salama ni mlango wa kumkaribishia mgeni. Habari yenyewe imekaa ndani, na mwenye adabu hungoja aonyeshwe. Waliomtengeneza Msikivu hawakulelewa kwenye nyumba za namna hiyo. Walimfundisha kwamba mtu akisha kusema salama, taarifa imekwisha, na kinachofuata ni manung'uniko. Wakayapangia manung'uniko bei.

Mwanzoni watu walikatwa alama kila siku. Tupokigwe, kwa kuwapenda watu wake, ndiye aliyetafuta dawa. Aliwakalisha chini jioni moja, vidude vikiwa vimevuliwa, akawafundisha kusema kwa pumzi ya tumboni, bila kupanda wala kushuka. Wao wenyewe wakaiita sauti ya mtungi. Kissa, fundi wa mirija, alipofiwa na mama yake akarudi kazini siku ya nne, Tupokigwe alimshika mkono akampeleka nyuma ya pampu ya tatu, mahali penye ngurumo ambapo Msikivu hasikii vizuri, akamwambia alie hapo mpaka amalize, kisha anawe. Tangu siku hiyo mahali pale pakaitwa Msibani. Kila mwenye lake alikwenda Msibani akarudi na uso uliofutwa. Tupokigwe alijiona ametenda wema, na kusema kweli ulikuwa wema. Ila ulikuwa wema wa kumfunga mtu kidonda bila kukiosha.

*

Saa nne watu walikwenda kunywa chai. Tupokigwe alibaki. Ule mkono ulioingia mfukoni ulikuwa haujamtoka.

Akavua glovu. Bomba la nane lilimuuma vidole kama maji ya kisima mwezi wa Juni. Akahamia la tisa. Halikumuuma. Lilikuwa na ubaridi tu, ule wa bilauri iliyowekwa dirishani. Akatazama kipimajoto: nyuzi nne, kama inavyotakiwa. Akakigonga kwa kucha. Mshale haukutikisika hata unywele. Akakigonga kwa ngumi. Nne.

Damu ya kukuzwa ni kitu cha kudekezwa. Mbegu yake huoteshwa siku kumi na moja kwenye joto la mwili, ikilishwa sukari na chumvi, kisha hushushwa ghafla hadi nyuzi nne na kulala kwenye matangi ikingoja mifuko. Kwenye nne imelala. Ikifika kumi, chembe zake huanza kupasuka moja moja, kimya kimya. Haigeuki rangi, haitoi harufu, na mashine ya kupima mlangoni haioni kitu kwa siku tatu za kwanza. Anayeiona ni figo ya mgonjwa.

Alimkuta Mzee Ambakisye ameshika kikombe, akamfanyia ishara kwa kidevu. Wakaenda Msibani. Pampu ilinguruma, ilibidi wasogezeane masikio.

"La tisa. Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi, Mzee Amba."

"Kalenda naijua."

"Na hukuniambia."

Mzee alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akakiweka kikombe juu ya pampu, kikawa kinacheza cheza. "Nilikuambia, Mama Tupo. Wiki tatu zimepita. Nilikuambia salama, ila kipimajoto cha la tisa kinasuasua. Tukakatwa tano. Jioni yake ukanileta hapa hapa tuliposimama, ukaniambia, mzee wangu, ila yako imeze, tuna mwezi wa kushinda." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nimeimeza. Zilizofuata nazo nimezimeza. Sasa nimeshiba."

Tupokigwe alikuwa anahesabu. Jana alasiri walijaza mifuko mia tatu na kumi na miwili, yote kutoka tangi la tisa. Asubuhi ya leo, saa tatu kamili, lori la baridi liliondoka nayo kwenda hospitali za Mbeya. Saa sita lingefika. Mifuko ishirini ya kwanza ilikuwa imeandikwa wodi ya wazazi, itumike leo leo.

Ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano.

*

Alibonyeza kidude chake ukosini, akasema kwa sauti ya mtungi kwamba damu iliyoko njiani imepoteza baridi, lori lisimamishwe.

Msikivu ana sauti nzuri, kama ya dada wa benki. "Ahsante, Tupokigwe. Taarifa imepokelewa. Taja jina la mwenye kosa."

Akasema kosa ni la kipimajoto.

"Kifaa si jina. Taja jina la mwenye kosa ili amri ya kusimamisha ipite. Taarifa isiyo na jina itasomwa kesho saa mbili."

Watu walikuwa wamerudi kutoka kwenye chai. Walisimama nusu duara. Kissa alikuwa ameshika bunda la mirija kifuani kama mtoto mchanga. Kutoka kwenye kipaza sauti cha darini ikashuka sauti ya meneja, Bwana Renatus, aliyekuwa ghorofani. Naye alivaa kidude ukosini. Naye alikuwa na wanaomsikiliza huko Dodoma, na sauti yake ilikuwa imenyooshwa kuliko za wote.

Alisema amesikia. Alisema jambo ni dogo, linahitaji mstari mmoja tu. Kumbukumbu zinaonyesha fundi Ambakisye alipita kwenye tangi la tisa kila asubuhi tangu Jumatatu na kila asubuhi akasema salama. Alijua, hakusema. Hilo ni kosa, lina jina. Kilichobaki ni msimamizi wake kulitamka.

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana Bwana Renatus hakusema uongo. Mzee alijua. Akitajwa, lori linasimama dakika hiyo hiyo, wazazi wa Mbeya wanapona, na Mzee Ambakisye anatoka getini leo na ovaroli mkononi. Msikivu ataandika kwamba tatizo limekwisha. Na kesho kila mtu katika ukumbi ule, akihisi kitu chini ya kiganja chake, atautia mkono mfukoni mapema zaidi.

"Litaje," alisema Mzee Ambakisye. "Nina shamba la viazi, sitakufa. Litaje, muda unakwenda."

Tupokigwe alifungua mdomo. Akafikiri ataje la kwake. Ingekuwa afadhali kidogo, lakini ungekuwa mchezo ule ule: mtu mmoja anatupwa nje, mlango unafungwa, ndani kunabaki vile vile. Alitazama ukutani. Saa nne na dakika thelathini na tisa.

Akakivua kidude, akakiweka juu ya tangi la tisa, akatoka. Nyuma yake akaisikia sauti ya dada wa benki ikiuliza, Tupokigwe, bado uko hapo?

*

Mlinzi wa geti alikuwa na simu yake ya zamani, ya vitufe, inayochajiwa kwa waya na kufungwa mpira kwa nyuma. Watu walimtania kwamba aliirithi kwa babu. Tupokigwe aliiomba, naye mlinzi alipomwona shingo tupu, bila kidude, akampa.

Namba aliijua kichwani. Mlezi wa lori siku hiyo alikuwa Gwakisa, mume wa mdogo wake. Lori lenyewe hujiendesha. Mlezi hukaa mbele kwa sababu sheria inataka damu isisafiri bila mtu, na kwa sababu kuna wenzo mmoja mwekundu wa breki ya dharura ambao mashine haiwezi kuuvuta. Mlezi akiuvuta bila amri ya Msikivu, hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Tupokigwe alilijua hilo. Gwakisa alilijua zaidi, maana alikuwa na watoto watano na alisubiri kazi ile miaka mitatu.

Iliita mara nne.

"Shemeji? Mbona namba ya babu wa getini?"

"Habari za safari, shemeji?"

"Salama kabisa. Tumeshaipita Chimala, jua kali, mimi na mashine yangu hatuongei. Za huko?"

"Salama," alisema Tupokigwe.

Ikatoka sauti ya mtungi. Ililala, haikupanda wala kushuka, nzuri, ya kushinda miezi sita. Alitaka kuendelea, na neno linalofuata likakwama. Hakuna kidude kilichokuwa kinamsikiliza pale, ni upepo tu na mlinzi anayejifanya anafagia. Bado neno lile halikuja. Miaka sita alikuwa amelifungia nje, na sasa alipolihitaji halikuijua njia. Akabaki ameshika simu kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti. Kwenye saa ya mlinzi dakika moja ikageuka.

Upande wa pili Gwakisa alinyamaza. Alikuwa amekwenda misiba mingi, alikuwa amepigiwa simu nyingi za namna hii, na hakufundishwa na mtu yeyote kwamba salama ndiyo mwisho wa habari.

"Shemeji," alisema polepole, "nangoja."

Halafu Tupokigwe akasikia chuma kikikwaruza chuma, matairi yakalia, kitu kizito kikaanguka ndani ya gari, na kimya.

"Nimesimama," alisema Gwakisa. "Niko pembeni ya barabara, mpunga kushoto na kulia. Sasa sema."

"Ila," alisema Tupokigwe, na neno lilipotoka lilimtoka na machozi, "ila damu yote ya tangi la tisa imeharibika. Usifikishe hata mfuko mmoja, shemeji. Hata mmoja."

*

Bwana Renatus alishuka mwenyewe, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona. Alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alikuwa na kibao cha kuandikia na jasho juu ya mdomo wakati nje ni baridi ya kuvaa koti.

Alisema lori limesimama bila amri na bila jina, na jambo kama hilo halijawahi kutokea. Alisema mfumo umegoma na hautafungua milango ya zamu inayofuata mpaka mstari ujazwe. Hakutisha. Alikuwa karibu kuomba.

"Jina, Mama Tupo. Nakuomba jina tu."

"Jina lipo," alisema Tupokigwe. "Ila ni refu. Utaliandika lote?"

Meneja akainua kalamu.

"Anza na langu. Mimi ndiye niliyewafundisha hawa kusema uongo kwa sauti nzuri. Andika kwamba Mzee Amba alisema, nami nikamwambia ameze. Halafu andika aliyetundika ule ubao getini. Halafu yule aliyekaa Dodoma anayekusikiliza wewe. Halafu wewe mwenyewe, maana wiki tatu zilizopita tulikatwa alama ukaziona, na hukushuka kuuliza ni ila gani ile iliyotukata."

Vidude vyote ukosini vilikuwa vinasikia, na kila mtu alijua ubao wa jioni utasomekaje. Kissa ndiye aliyeanza. Alisema, bila kuishusha wala kuipandisha, kwamba mirija ya tangi la nne ina ufa tangu mwezi uliopita. Kisha sauti yake ikavunjika, akaiacha ivunjike, akasema ufa una urefu wa kidole. Mwingine akasema kengele ya moto ya upande wa mashariki imezibwa kwa kitambaa kwa sababu mlio wake unakata alama. Mwingine akasema yeye haoni vizuri jicho la kushoto na amekuwa akisoma vipimajoto kwa kukisia.

Bwana Renatus aliandika. Aligeuza ukurasa, akaandika. Walipomaliza akasema mfumo una nafasi ya mstari mmoja.

"Basi ujaze langu," alisema Tupokigwe. "Hayo mengine bakia nayo wewe. Usiyaweke mfukoni."

*

Mifuko ilirudishwa, ikapimwa. Mia tatu na kumi na miwili, hakuna hata mmoja uliofaa.

Jina la Tupokigwe liliandikwa kwenye mstari mmoja, akapelekwa kuosha bila muda kutajwa. Mzee Ambakisye alibaki kwenye pampu zake. Gwakisa alisimamishwa kazi, na hilo lilimuuma Tupokigwe kuliko magoti; kila Jumapili alikwenda kwa mdogo wake na kikapu, na kila Jumapili Gwakisa alimtania kwamba shemeji, sikusimama kwa ajili yako, nilitaka kuuona mpunga. Tupokigwe aliandika barua ya kumtetea, akaipeleka ghorofani. Bwana Renatus alisema ameituma Dodoma. Labda aliituma.

Ubao wa getini haukuondolewa. Lakini Bwana Renatus alipata ruhusa ya kile alichokiita majaribio: robo saa kila asubuhi, zamu ya asubuhi tu, ambayo sasa ilikuwa chini ya Kissa, vidude vinavuliwa na kutiwa kwenye kopo la majani ya chai, kifuniko kinabanwa, na kila mtu anasema ila yake moja. Zamu nyingine zikawacheka. Wakawaita zamu ya wafiwa. Mwezi huo walikuwa wa mwisho ubaoni, na mwezi uliofuata pia, wakaja kuosha wakiwa wamekasirika na wakiongea. Hayo ya kuongea Tupokigwe aliyasikia kutoka ndani ya tangi, yakivuma kama nyuki.

Siku moja ya wiki ya kumi ya kuosha kwake alikuwa peke yake ndani ya tangi la tisa, kwa magoti, brashi mkononi, taa ndogo kichwani. Kivuli kikaziba mdomo wa tangi. Ni Kissa, msimamizi mpya, na daftari lile lile la Tupokigwe kwapani.

"Habari za humu, mama?"

"Salama," alisema Tupokigwe, akaendelea kusugua.

Brashi ilikwenda ikarudi. Alingoja kusikia gambuti zikiondoka, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiondoka miaka sita yote, salama ikishaandikwa. Hazikuondoka. Aliinua macho. Kissa alikuwa amevua kidude, hakipo ukosini. Alikuwa ameigeuza ndoo juu chini pale mlangoni, amekaa juu yake, daftari limefungwa magotini.

Tupokigwe aliweka brashi chini. Neno likakwama, kama siku ile ya simu. Kissa hakumsaidia kwa neno wala hakutazama saa. Alikaa vile mtu anavyokaa kwenye nyumba yenye habari, akangoja.